Habu ya Gia Tatu Inataka Mafuta Kabla ya Kutaka Pesa

Baiskeli ya zamani ya gia tatu inapotolewa stoo baada ya miaka mingi, kinachotia watu hofu kwanza ni habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Ni kopo la chuma lenye gia zote tumboni, halionyeshi chochote kwa nje, na pedali zikizungushwa linagoma au linateleza. Wengi huamua hapo hapo kwamba habu imekufa, wakaanza kutafuta nyingine, au wakaitelekeza baiskeli nzima. Mara nyingi habu hiyo ndiyo kifaa kizima kuliko vyote vilivyobaki. Kilichokufa ni mafuta yake.

Mwenye mfuko mwembamba aanzie hapo. Tairi, tyubu, waya, pedi za breki na cheni ni vitu vya kununua, kwa sababu vimetengenezwa ili viliwe na barabara. Habu, fremu, krenki (mikono ya pedali na gia yake kubwa), usukani na madigadi ni vitu vya kusafisha. Makundi haya mawili yakichanganywa, pesa huisha kabla baiskeli haijatembea: mtu ananunua kiti kipya na rangi ya kupuliza, kisha anakosa pedi za breki.

Habu utakayokutana nayo zaidi ni AW ya Sturmey-Archer, kampuni iliyozaliwa 1902 mjini Nottingham, Uingereza. AW ilianza kutengenezwa miaka ya 1930 na ikaendelea kwa miongo mingi bila mabadiliko makubwa, ndiyo maana kipuri cha habu moja mara nyingi huingia kwenye nyingine iliyotoka kiwandani miaka ishirini baadaye. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye ganda. Utaona herufi AW na, kwenye habu nyingi, tarakimu za mwaka na mwezi: 64 na 7 ni Julai 1964. Hiyo ni tarehe ya habu, si ya fremu, maana gurudumu huenda liliwahi kubadilishwa. Kiwanda cha Nottingham kilifungwa mwaka 2000 na jina likachukuliwa na SunRace ya Taiwan, ambayo iliendelea kutengeneza habu za gia tatu. Kwa mkarabati hii ni habari njema: sproketi (gia ya nyuma inayozungushwa na cheni), waya, wenzo wa gia na vicheni vya habu (vile vifupi vinavyotoka kwenye ekseli na kuvutwa na waya wa gia) vinapatikana vikiwa vipya, na vingi vinaingia kwenye habu ya babu yake bila kuchongwa.

Herufi nyingine zinabadilisha hesabu. SW, iliyotoka katikati ya miaka ya 1950, ilijulikana kwa kuteleza tangu ikiwa mpya. Usiipotezee wiki, gurudumu lenye AW litakuwa nafuu zaidi. TCW ina gia tatu na breki ya kukanyaga nyuma kwa pamoja, na katika matoleo yake ya zamani nguvu ya breki inapitia kwenye gia zenyewe. Waya ukiwa umelegea vibaya, gia inaning'inia katikati na breki inapotea nayo. Ukiwa na TCW, breki ya mbele iliyo nzima ni lazima, si pambo.

Inafaa kujua kinachotokea humo ndani, kwa kuwa karibu kila tatizo la habu linaeleweka ukishajua. Katikati kuna gia ndogo iliyochongwa kwenye ekseli yenyewe, haizunguki. Inazungukwa na gia nne ndogo zilizobebwa na kizimba, na hizo zimezungukwa na pete yenye meno kwa ndani. Klachi inayovutwa na waya ndiyo inayoamua nani amsukume nani. Gia ya pili ni moja kwa moja: sproketi ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja. Gia ya kwanza inashusha hadi asilimia 75. Gia ya tatu inapandisha hadi asilimia 133. Waya ukikatika, habu inabaki gia ya tatu, kwa sababu springi ndiyo inayoisukuma klachi huko wakati hakuna anayevuta.

Kwa kuwa gia ya katikati ni sehemu ya ekseli, kila unapokanyaga kwenye gia ya kwanza au ya tatu ekseli nayo inataka kuzunguka. Ndiyo kazi ya zile washa mbili zenye ulimi unaoingia kwenye mpasuo wa fremu, pale ekseli inapokaa. Watu huzitupa wakidhani ni washa za kawaida, kisha wanashangaa kwa nini nati zinajilegeza na gia zinapotea kila baada ya safari. Zikikosekana, ni kitu cha kwanza kutafuta.

Kabla ya kununua hata nati moja

Kagua fremu. Pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka kutoka shingo kwenda kwenye krenki, sentimita chache nyuma ya shingo. Uvimbe au rangi iliyojikunja hapo inasema baiskeli iligonga kitu kwa nguvu. Itazame foki kwa ubavu: mstari wa shingo unapaswa kuteremka moja kwa moja hadi pale foki inapoanza kujipinda mbele. Kisha funga uzi kwenye mpasuo mmoja wa gurudumu la nyuma, uzungushe mbele ya shingo, uurudishe hadi mpasuo wa pili, uukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti pande zote mbili. Tofauti ya milimita mbili tatu inavumilika. Ikipita sana hapo, na foki nayo imepinda, tafuta fremu nyingine. Kunyoosha fremu si kazi ya bajeti ndogo, na habu yako itahamia popote.

Baada ya hapo jaribu nguzo ya kiti na shina la usukani. Hivi viwili vikigoma kutoka vinaweza kula siku nyingi kuliko habu. Shina la usukani linashikwa na bolti ndefu inayovuta kabari kwa ndani. Legeza bolti mizunguko minne au mitano bila kuitoa, weka kipande cha mbao juu ya kichwa chake, gonga mara moja kwa nguvu. Kabari ikianguka, usukani unazunguka. Ukigoma, geuza baiskeli juu chini, mimina mafuta ya kupenya kutoka upande wa foki, uache usiku kucha, urudie. Nguzo ya kiti ni hivyo hivyo: mafuta, subira, kisha uizungushe kwa kiti cha zamani kikiwa bado kimefungwa juu yake. Usiibane fremu yenyewe kwenye jiliwa. Mabomba yake ni membamba na yatabonyea.

Onyo moja kuhusu nyuzi, yaani meno ya skrubu. Baiskeli nyingi za Raleigh za enzi hizo zina nyuzi 26 kwa inchi kwenye shingo na kwenye bakuli za krenki (vikombe ambamo gololi hukimbia), wakati kipimo cha kawaida cha Uingereza ni 24. Vinafanana kwa macho na haviingiliani. Bakuli la 24 likilazimishwa kwenye fremu ya 26 linaharibu fremu. Kwa hiyo usitupe bakuli wala koni (kipande kinachobana gololi dhidi ya bakuli) yoyote ya zamani hadi ujue nini kinaingia, na kwa kweli mara nyingi hakuna haja ya kuzibadilisha. Bakuli lenye mstari mwembamba unaong'aa mahali gololi zilipopita ni zima. Lenye vishimo ambavyo ncha ya kalamu inakwama ndilo limekwisha.

Kuifufua habu bila kuifungua

Kwenye ganda la habu kuna tundu lenye kifuniko kidogo, cha chuma au plastiki. Wakati mwingine kimefunikwa na tope kiasi kwamba hakionekani. Kifungue. Mimina vijiko viwili vya chai vya mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta mepesi ya mashine, nusu kwa nusu. Funga, geuza baiskeli juu chini, zungusha pedali mbele na nyuma kwa dakika kadhaa huku ukivuta kicheni cha habu kwa mkono ili klachi iende mbele na nyuma. Acha hadi kesho. Ndani kuna mafuta yaliyokauka yakawa kama gundi, na gundi hiyo ndiyo inayoshikilia vidole vidogo vyenye springi ambavyo kazi yake ni kuruka na kushika ganda. Vidole visiporuka, unakanyaga na hakuna kitu kinachosukumwa. Dalili ni ile ile ya habu iliyovunjika, na hapo ndipo habu nzima nyingi hutupwa.

Siku ya pili laza gurudumu juu ya chombo, mchanganyiko utoke kupitia kwenye gololi na tundu la ekseli. Utatoka mweusi. Rudia mara mbili, tatu, hadi utoke wa rangi ya chai. Kisha weka mafuta halisi: mafuta ya injini mepesi, SAE 20 au 30, vijiko viwili vya chai kwa habu iliyokuwa kavu. Baada ya hapo matone machache kwa mwezi yanatosha. Yakivuja yakachafua spoki, si kwamba kuna kitu kimeharibika, umezidisha tu. Habu hii haina sili za mpira, na mafuta yanayotoka kidogo kidogo yanatoka na uchafu.

Usitie mafuta ya kupikia. Yanaganda yakawa kama vanishi na kukurudisha ulikoanza. Mafuta ya kupuliza ya kulegeza kutu yanasafisha vizuri lakini hayabaki. Wala usiijaze grisi ndani. Springi za vile vidole ni nyembamba kama unywele, na grisi nzito inavilaza chini. Grisi mahali pake ni kwenye gololi za pande mbili, basi.

Jaribu sasa kwa sikio. Kwenye gia ya pili na ya tatu, ukizungusha pedali mbele, habu nzima inatoa mlio wa taratibu, tik tik tik. Kwenye gia ya kwanza inanyamaza. Mlio huo ni wa vidole vya gia ya kwanza vinavyopitwa na ganda linalokwenda kasi zaidi. Ukiusikia ujue vimeamka.

Kama baada ya yote hayo gia ya tatu bado inaruka unapokanyaga kwa nguvu, na waya umerekebishwa sawasawa, ndipo useme kuna chuma kilichochakaa: ni ncha za pini za zile gia ndogo nne, au mikono ya klachi inayozishika, zimekuwa mviringo. Hapo habu inafunguliwa. Toa koni ya kushoto, kisha weka tindo butu kwenye mfereji wa pete kubwa ya kulia na gonga kinyume na saa hadi iachie. Kabla ya kuitoa, piga alama kwenye pete na alama nyingine kwenye ganda zikiwa zimeelekeana. Pete hiyo ina nyuzi zenye mianzo miwili, na ikirudishwa kwa mwanzo usio wake gurudumu linaweza kuyumba ingawa spoki hujazigusa. Tumbo lote la habu linatoka kama kitu kimoja. Klachi na pini ni vipuri vidogo, na chanzo cha bei nafuu kuliko vyote ni habu nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti, kwa mfano ganda lililopasuka au rimu iliyooza.

Wakati wa kufunga, koni ya kulia inakazwa kwa vidole hadi iguse, inarudishwa nusu mzunguko, inafungwa. Marekebisho mengine yote yanafanywa upande wa kushoto. Lengo ni mchezo mdogo kabisa unaosikika ukitikisa rimu kwa ubavu. Habu ya gia iliyobanwa hadi mchezo uishe kabisa inakuwa nzito na inakula koni zake.

Kotapini

Ukiniuliza ni wapi baiskeli hizi huharibiwa na watu wanaotaka kuzisaidia, nitasema kwenye kotapini. Mikono ya pedali imeshikwa kwenye ekseli na pini ya chuma yenye uso mmoja ulioinama. Mtu anatoa nati, anapiga ncha yenye nyuzi kwa nyundo, ncha inajikunja kama uyoga, pini inakwama milele. Zaidi ya hapo, kila pigo limepitia kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye bakuli zile zile ambazo ni ngumu kupata.

Anza na mafuta ya kupenya, siku mbili. Kisha legeza nati hadi uso wake ulingane na ncha ya pini, ili nati ilinde nyuzi. Chini ya mkono wa pedali, kuzunguka kichwa cha pini, simamisha bomba nene la chuma linalofika hadi sakafu ngumu, refu kiasi kwamba baiskeli inaegemea bomba badala ya magurudumu. Sasa piga mara moja, kwa nyundo nzito, kwa nia. Nyundo ndogo yenye mapigo ishirini ndiyo inayokunja pini. Ikigoma, pasha joto mkono wa pedali na ujaribu tena. Jiliwa kubwa lenye soketi upande mmoja hufanya kazi hii kwa ukimya na bila hatari yoyote kwa gololi. Kama kuna lililo karibu, liazime.

Kotapini ni za vipimo tofauti, na 9.5 mm ndicho cha kawaida kwa baiskeli za Uingereza, lakini pima ya zamani kabla ya kununua. Mpya karibu kila mara zinahitaji kupigwa tupa kidogo kwenye uso ulioinama. Pini mbili ziingie kwa kuelekeana kinyume, moja ikitokea mbele nyingine nyuma, la sivyo pedali hazitakuwa kwenye mstari mmoja. Uso uliotiwa tupa ukilala sawasawa kwenye ekseli, pini inaingia kwa kugongwa, na nati inaishikilia tu. Nati haikuumbwa kuivuta pini. Ukiitumia hivyo, nyuzi zinachunika.

Ukiwa umeshaifungua, osha gololi kwa mafuta ya taa na ubadilishe zote, maana gololi mpya ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa katika kazi hii. Bakuli za krenki kwa kawaida huchukua 11 za robo inchi kila upande. Popote pengine hesabu ulizozitoa na upeleke moja kama sampuli. Bakuli la upande wa cheni lina nyuzi za kinyume na mara nyingi limekaza kupita kiasi: liache mahali pake, lisafishe kwa kitambaa na ulitazame kwa tochi.

Kutu, kromu na rangi ya zamani

Rangi ya asili iliyochubuka inafaa kubaki kuliko rangi mpya ya kupuliza. Rangi za kiwandani za enzi hizo zilikuwa nene na zilichomwa kwenye tanuri; ya kopo haifikii nusu ya ugumu wake, na ukishaanza unapoteza nembo za dhahabu ambazo hazirudi. Osha kwa maji na sabuni kidogo, ng'arisha kwa nta ya gari, na kaa mbali na nembo kwa kitu chochote chenye petroli au asetoni. Sugua kwanza sehemu isiyoonekana. Doa tupu la chuma lifungwe kwa tone la rangi inayokaribiana, lipakwe kwa brashi ndogo.

Kromu yenye vidoa vya kutu inasafishwa kwa karatasi ya alumini iliyokunjwa na maji matupu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiachi mikwaruzo kama msasa. Vyuma vilivyoliwa zaidi, kama mabano na bolti, vilaze usiku kwenye maji yenye asidi ya sitriki, kiasi cha gramu 50 kwa lita, kisha visuuze, vikaushe mara moja na uvipake mafuta. Visipokaushwa vinashika kutu ya rangi ya chungwa ndani ya saa moja. Alumini na sehemu za ndani za habu zisiingie humo. Siki nayo inaondoa kutu, lakini ikisahaulika inakula zinki yote ya bolti na kuziacha uchi.

Tairi: namba moja ndiyo inayosema kweli

Pesa nyingi hupotea hapa kwa kosa la kusoma. Inchi 26 si kipimo kimoja. Baiskeli ya Kiingereza yenye 26 x 1 3/8 inatumia rimu ya 590 mm. Tairi pana za 26 za baiskeli za milimani ni 559 na hazitakaa. Schwinn za Marekani zenye 26 x 1 3/8 ni 597, namba zile zile za inchi lakini haziingiliani na 590. Zile ndefu zenye breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya huwa 28 x 1 1/2, nazo ni 635, wakati 28 nyingine ni 622. Kwa hiyo tafuta ubavuni mwa tairi namba kama 37-590: ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye rimu. Hiyo ya pili ikilingana, nunua. Isipolingana, rudisha, hata muuzaji akiapa.

Rimu za chuma za zamani hazina mdomo wa kushika tairi, kwa hiyo usipampu kama baiskeli ya mbio. Paundi 50 hadi 60 kwa inchi ya mraba zinatosha. Weka utepe mpya wa kufunika vichwa vya spoki. Ni kitambaa tu, lakini kichwa kimoja chenye kutu kinatoboa tyubu mpya siku ya kwanza.

Spoki zenyewe mara nyingi ni 40 nyuma na 32 mbele kwenye baiskeli za Uingereza, ndiyo maana rimu ya kisasa yenye matundu 36 haisaidii. Tia tone la mafuta kwenye kila nipeli (nati ndogo ya spoki), subiri, kisha nyoosha gurudumu kwa robo mzunguko kwa robo mzunguko.

Breki zinastahili pesa halisi. Rimu ya kromu ikilowa, pedi za kawaida zinateleza juu yake kama kwenye kioo, na umbali wa kusimama unaongezeka vibaya. Zipo pedi zenye uso wa ngozi zilizotengenezwa kwa ajili ya rimu za chuma, na zipo pedi laini za rangi ya samoni. Zote mbili ni bora kuliko mpira mgumu ulioukuta. Safisha rimu kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, pindisha pedi kidogo ili ncha ya mbele iguse kwanza kwa takriban milimita moja, na badilisha nyaya pamoja na maganda yake. Kwa breki za vyuma vya kuvutwa, hakikisha kila kiungo kinarudi chenyewe baada ya kuachiwa. Tone la mafuta kwenye kila bawaba, lakini si karibu na rimu. Pesa zikibaki, badilisha rimu ya mbele peke yake iwe ya alumini yenye matundu 32. Gurudumu la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kusimamisha, na hakuna badiliko lingine kwenye baiskeli hii linaloleta usalama mwingi hivyo kwa gurudumu moja.

Sproketi kubwa zaidi

Viwanda viliweka gia nzito mno. Krenki ya meno 46 na sproketi ya 18 kwenye gurudumu la 590 inakupeleka kama mita 5.3 kwa mzunguko mmoja wa pedali kwenye gia ya pili, karibu mita 4 kwenye ya kwanza, na mita 7 kwenye ya tatu. Ya tatu hiyo inafaa mteremkoni tu, na ya kwanza haitoshi mlima wa kweli. Sproketi ya meno 22 inashusha namba hizo hadi mita 4.3, 3.25 na 5.8. Ghafla gia zote tatu zina kazi. Kwa bei yake, hiki ndicho kipuri chenye faida kuliko vyote, na kinashikwa na pete ya springi inayotolewa kwa bisibisi mbili. Tazama kabla ya kuitoa: sproketi imejipinda kidogo upande mmoja, na washa nyembamba mbili zinaweza kukaa mbele au nyuma yake, zipange ili cheni iwe mstari mmoja na krenki. Habu za miaka ya mwanzo zaidi hazina pete hiyo, sproketi yao inafungwa kwa nyuzi.

Cheni ni ile pana ya nusu inchi kwa moja ya nane. Meno manne zaidi yanadai cheni ndefu kwa takriban viungo viwili, kwa hiyo nunua mpya na uikate mwenyewe. Iache ilegee kama sentimita moja na nusu katikati. Ikivutwa kama uzi wa gitaa, ina sehemu ngumu na sehemu laini, na gololi za habu ndizo zinazolipa.

Waya wa gia

Kila kazi iliyotangulia inaweza kuharibiwa na nusu sentimita ya waya. Kaza kicheni cha habu kwa vidole hadi mwisho, kisha kirudishe kidogo, kisizidi nusu mzunguko, ili kielekee upande waya unakotokea. Hakikisha gurudumu dogo linaloongoza waya kwenye fremu linazunguka na kwamba kishikio cha ganda kwenye bomba la juu hakitelezi. Kikiteleza, gia zinahama zenyewe na utalaumu habu.

Weka wenzo kwenye gia ya pili. Chungulia kwenye tundu la ubavuni mwa nati ndefu ya kulia. Ndani yake utaona kijiti cha kicheni, na mahali kijiti kinapoishia viungo vikaanza kuna bega. Bega hilo liwe sawa kabisa na ncha ya ekseli. Limejificha ndani? Waya umelegea, kaza kirekebishi. Limetokeza? Legeza. Kisha nenda gia ya tatu, waya unapaswa kuwa na ulegevu kidogo. Rudi ya kwanza, uvute kicheni kwa vidole: kisiwe na nafasi ya kutoka zaidi.

Waya ukikaza mno, gia ya tatu inaruka. Ukilegea mno, ya kwanza haipatikani, na ya pili inaangukia kwenye pengo lililopo kati ya pili na tatu, ambapo pedali zinazunguka bure. Pengo hilo ni la hatari kwa anayesimama juu ya pedali akipanda mlima: mguu unashuka ghafla na kifua kinakutana na usukani. Usisimame kwenye pedali kabla ya kuijaribu kila gia ukiwa umekaa.

Baada ya kilomita 50 za kwanza rudi na nyundo na spana. Gonga tena kila kotapini mara moja huku mkono wa pedali ukiegemea kitu kigumu, kisha kaza nati. Utakuta zimeachia robo mzunguko au zaidi. Kaza nati za ekseli, ongeza matone sita ya mafuta kwenye habu, na uchungulie tena kwenye lile tundu, kwa sababu waya mpya hunyooka na bega litakuwa limerudi ndani milimita moja.